Pointa ya mpangaji aliyehama: lango la intaneti lililoanguka usiku

Lango lenyewe ni mashine pepe ya CPU 4 na kumbukumbu ya GB 8. Linabeba wateja wa majumbani wa mtoa huduma mdogo wa intaneti jijini Dar es Salaam, upande wa Sinza, Kijitonyama na Mwenge. Kadi zake za mtandao ni za virtio_net, kadi za kuigiza za mashine pepe, na kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, ni 5.15, ile inayokuja na Ubuntu 22.04. Ndani yake kuna moduli moja isiyomo kwenye kerneli rasmi, iliyoandikwa na mafundi wenyewe, jina lake "alama". Kazi yake ni ndogo: kila pakiti ya UDP inayotoka bandari 443, ambayo kwa kawaida ni video na kurasa zinazokuja kwa QUIC, itifaki ya wavuti inayopanda juu ya UDP, inapewa DSCP 8, alama ya kipaumbele kwenye kichwa cha IP, yaani daraja CS1. Kwenye baiti ya TOS, ile inayobeba DSCP, hiyo inasomeka 0x20. Foleni ya upande wa mteja ikiiona alama hiyo inaitanguliza sauti, video inasubiri zamu yake.

Malalamiko yalikuwa mawili, na kwa wiki kadhaa yalishughulikiwa kama vitu visivyojuana. La kwanza: kuanzia saa 1 jioni simu za mtandaoni zinakatakata. Tangu Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini, mteja wa Dar akisikia sauti inakatika husema "mkongo" kabla hujamaliza kumsalimia, na mafundi nao walianzia huko. La pili: kila baada ya siku chache, usiku, lango linajiwasha upya lenyewe bila kuacha neno kwenye logi. Hilo lilitupiwa umeme, ingawa mashine mama haikuwa imezimika hata mara moja. Ukiona mashine pepe moja imewaka upya na jirani zake juu ya chuma kilekile hazijatikisika, acha kumfikiria fundi wa umeme.

Logi ilikosekana kwa sababu ya kueleweka. Kerneli ikipata ajali ikiwa katikati ya kupokea pakiti, haiwezi kuua mchakato mmoja na kuendelea, inasimama yote. Lango lilikuwa limewekewa kernel.panic=10, kwa hiyo baada ya sekunde 10 linawaka upya, na ujumbe wa mwisho haukuwahi kufika diski. Dawa ni netconsole: moduli inayorusha ujumbe wa kerneli kwa UDP, bandari 6666, kwenda mashine nyingine ya ndani. Siku tatu baadaye ujumbe wa kwanza ulinaswa, siku mbili mbele wa pili. Zote zilionyesha kerneli imeanguka katika fanksheni tofauti, na hakuna iliyotaja moduli ya alama. Ajali inayobadilisha mahali kila mara ni dalili ya kumbukumbu iliyochafuliwa. Aliyeichafua ameshaondoka, anayekamatwa ni aliyekuja kukaa baadaye.

Kwa hiyo ajali haikuwa ushahidi mzuri. Ushahidi mzuri ulikuwa kwenye simu zinazokatakata.

Upande wa kutokea, pakiti za bandari 443 zilihesabiwa kwa tcpdump, chombo cha kunasa pakiti:

tcpdump -ni eth1 -c 10000 'udp src port 443 and (ip[1] & 0xfc) != 0x20'

Amri hii inaonyesha pakiti zisizo na alama tu. Moduli ikiwa nzima, ikae kimya. Mchana ilikaa kimya kweli. Saa 1 jioni ilianza kumwaga mistari, na karibu kila mstari ulikuwa wa pakiti kubwa, za baiti 1,300 na kupanda. Pakiti ndogo za bandari hiyohiyo zilikuwa na alama yao. Video isiyo na alama inaingia foleni moja na sauti, na simu zinakatika.

Kitu gani huanza saa 1 jioni? Kwenye cron, ratiba ya kazi za mashine, palikuwa na mstari wa 0 19, unaowasha programu fupi ya Python ya kuhesabu matumizi hadi saa 5 usiku. Programu inafungua soketi ya AF_PACKET, ile ya kuonea pakiti ghafi, juu ya eth0 na kusoma pakiti moja moja kwa recv. Ukiizima, alama zinarudi papo hapo. Ukiiwasha, zinapotea.

Programu hiyohiyo ilionyesha jambo lingine la ajabu, na hili ndilo lililofungua kesi. Kwenye eth0, upande wa kuingilia, iliripoti pakiti ndogo za bandari 443 zikiwa tayari zina 0x20. Soketi ya AF_PACKET hupewa pakiti kabla haijafika kwenye vituo vya netfilter, sehemu ya kerneli ya kuchuja na kubadilisha pakiti, na moduli yetu inakaa kwenye NF_INET_PRE_ROUTING, hatua ya baadaye. Python ilikuwa inaona alama ambayo bado haijawekwa. Na tcpdump kwenye eth0 hiyohiyo, dakika hiyohiyo, ilionyesha 0x00.

Hapo lazima ujue pakiti inakaaje kwenye kumbukumbu. Muundo wa sk_buff si pakiti. Ni kadi ya maelezo. Kadi ina pointa, yaani anwani ya mahali kwenye kumbukumbu, kwenda bafa moja ya sehemu nyoofu, inayoanzia head hadi end, na ndani yake data na tail zinaonyesha baiti zenye maana zinaanza na kuishia wapi. Mzigo uliobaki unaweza kukaa kwenye vipande vya kurasa za kumbukumbu, nje kabisa ya bafa hiyo. Pakiti ikitakiwa na watu wawili, kerneli hainakili mzigo. Inatengeneza kadi ya pili, pacha, inayoelekeza bafa ileile, na hesabu ya wanaoitumia inapanda. Sharti la pacha ni moja: bafa ya pamoja husomwa, haiandikwi.

Soketi ya kawaida ya AF_PACKET, ile ya Python, huchukua pacha na kumweka kwenye foleni hadi programu isome. Tcpdump ya siku hizi hutumia pete ya kumbukumbu: baiti zinanakiliwa humo palepale, pacha hazaliwi. Ndiyo maana vyombo viwili vilipingana juu ya pakiti moja. Tcpdump ilipiga picha. Python ilishika bafa ambayo moduli ilikuja kuandika juu yake kabla Python haijasoma.

Kosa moja limeshapatikana: moduli inaandika kwenye bafa ya pamoja bila ruhusa. Lakini hilo halielezi pakiti kubwa kupoteza alama, wala ajali. Hii ndiyo fanksheni ilivyokuwa, imepunguzwa yasiyohusika:

static unsigned int weka_alama(void *priv, struct sk_buff *skb,
                               const struct nf_hook_state *state)
{
    struct iphdr *iph = ip_hdr(skb);
    unsigned int urefu = iph->ihl * 4;
    struct udphdr *uh;

    if (iph->protocol != IPPROTO_UDP)
        return NF_ACCEPT;
    if (!pskb_may_pull(skb, urefu + sizeof(*uh)))
        return NF_DROP;

    uh = (struct udphdr *)((u8 *)iph + urefu);
    if (uh->source == htons(443))
        ipv4_change_dsfield(iph, INET_ECN_MASK, 8 << 2);
    return NF_ACCEPT;
}

Mwenye haraka ataipitisha. Imekumbuka hata kuangalia kama kichwa cha UDP kipo kabla ya kukisoma, jambo ambalo wengi husahau. Tatizo ni kwamba pskb_may_pull haiangalii tu. Jina lake lina unyenyekevu wa uongo: ikikuta baiti ulizotaka hazimo kwenye sehemu nyoofu, inazivuta kutoka kwenye vipande vya kurasa. Na kama nafasi haitoshi, au bafa ina pacha, inaita pskb_expand_head, ambayo hutenga bafa mpya, hunakili vichwa, hubadilisha pointa za kadi na kuachia bafa ya zamani. Kadi inajua anwani mpya. Pointa ya iph, iliyochukuliwa mstari wa kwanza kabisa, haijui. Ni sawa na kumpeleka mgeni Sinza kwa mpangaji aliyehamia Tegeta wiki iliyopita: chumba kipo, mlango upo, anayefungua ni mtu mwingine.

Sasa fuata pakiti moja kubwa ya QUIC. Katika kerneli hii virtio_net, ikipokea pakiti isiyotosha kwenye bafa ndogo ya kichwa, huweka humo baiti 14 tu za Ethernet na kuacha zote zilizobaki kwenye ukurasa. GRO, sehemu ya kerneli inayounganisha pakiti zinazofuatana, inapoipitia, inavuta kichwa cha IP, baiti 20, kisha inagundua kwamba hakuna soketi ya UDP inayotaka kuunganishiwa, inaiacha ilivyo. Baiti 8 za UDP zinabaki kwenye ukurasa. Python inachukua pacha wake. Kerneli inakagua kichwa cha IP, baiti 20 zipo, hakuna kilichohama. Inafika kwa moduli: iph inachukuliwa, pskb_may_pull inaomba baiti 28, bafa ina pacha, kwa hiyo bafa mpya inatengwa. Kuanzia hapo iph inaelekeza bafa ambayo sasa ni ya Python peke yake.

Angalia kinachosomwa baadaye. Kwenye bafa ya zamani baiti za UDP hazikuwahi kuwepo. Zilivutwa kwenda bafa mpya. Mahali uh inapoelekeza pana masalia ya pakiti iliyowahi kutumia kumbukumbu hiyo. Pakiti inahukumiwa kwa bandari ya mwingine. Masalia yasiposema 443, hakuna alama. Yakisema 443, alama inaandikwa kwenye bafa ya Python, na pakiti halisi inaondoka bila kitu. Kwa njia zote mbili pakiti kubwa yenye pacha haiwezi kutoka na alama, na hicho ndicho tcpdump ilichokuwa inahesabu upande wa eth1.

Ajali inahitaji bahati mbaya zaidi. Python, ikiwa kwenye CPU nyingine, isome na kuachia pacha katika upenyo mfupi ulio kati ya pskb_may_pull na uandishi. Bafa inarudi kwenye ghala la kumbukumbu, inapewa mwingine, na moduli inaandika baiti ya TOS na jumla ya ukaguzi katikati ya mali ya mtu. Upenyo ni mwembamba, ndiyo maana ilichukua siku. Tena lango likizidiwa na foleni ya soketi ikajaa, pacha wapya hawazaliwi kabisa, na dalili zinapungua wakati wa msongamano mkubwa zaidi. Hilo peke yake lilipoteza siku mbili za watu waliokuwa wanatafuta uhusiano na wingi wa data.

Kuna "tiba" iliyojaribiwa kabla ya haya yote kujulikana, nayo ilifanya kazi: ethtool -K eth0 gro off. Simu zikatulia, ajali zikakoma. Inafaa kuelewa kwa nini, maana watu hupeana ushauri huu bila maelezo. GRO ikizimwa, pakiti inamfikia Python bila hata kichwa cha IP kwenye sehemu nyoofu. Kerneli yenyewe, ndani ya ip_rcv_core, ndiyo inayovuta zile baiti 20, inakuta pacha, inahamisha bafa. Pakiti inapofika kwa moduli imeshakuwa na bafa yake peke yake yenye nafasi, na kuvuta baiti 8 zaidi hakuhamishi kitu. Kosa limebaki pale pale, limekosa tu mtu wa kuliamsha. Siku kadi ya mtandao ikibadilishwa linarudi, na lango limeshapoteza CPU bure kwa kunyimwa GRO. Hiyo ip_rcv_core, kwa njia, ina somo lake: baada ya kuvuta kichwa chote cha IP, inaandika upya iph = ip_hdr(skb). Mstari mmoja, na ndio uliokosekana kwetu.

Kuthibitisha

Kisa kinachoelezeka vizuri hivi bado kinaweza kuwa si chenyewe, kwa hiyo kilirudiwa kwenye meza ya majaribio: mashine pepe tatu, mtumaji, lango na mpokeaji, zote virtio_net. Kerneli ya lango ilijengwa na CONFIG_KASAN=y. KASAN, kikaguzi cha kerneli cha matumizi mabaya ya kumbukumbu, hutenga sehemu moja ya nane ya kumbukumbu kwa ajili ya kivuli chake, hivyo lango la majaribio lilipewa GB 4 ili lisibanwe. Mzigo ulitumwa hivi:

iperf3 -u -c 10.0.2.10 -l 1400 -b 100M --cport 443 -t 600

Bandari 443 inataka ruhusa ya root kwa mtumaji. Kabla ya kuamini lolote, hakikisha pakiti zinafika kwa umbo linalotakiwa, la sivyo unajaribu kitu kingine:

bpftrace -e 'kprobe:weka_alama { $s = (struct sk_buff *)arg1; @nyoofu[$s->len - $s->data_len] = count(); }'

Jibu linalotafutwa ni 20, idadi ya baiti zilizomo kwenye sehemu nyoofu. Ukiona 1428, pakiti yote iko kwenye sehemu nyoofu na kosa haliwezi kuonekana. Ukiona 28, kuna aliyekwishavuta kichwa cha UDP kabla yako.

Usishangae KASAN ikinyamaza mwanzoni. Bafa ya zamani ikiwa bado imeshikwa na pacha, kwa KASAN ni kumbukumbu halali, hata kama unasoma upuuzi. Inapiga kelele tu pacha akishaachiwa. Ili kuupanua upenyo, toleo la majaribio liliwekewa udelay(50), kusubiri mikrosekunde 50, mara baada ya pskb_may_pull, na Python ikafungwa kwenye CPU 3 kwa taskset, mbali na CPU inayopokea pakiti. Ripoti ilikuja ndani ya dakika: use-after-free, yaani kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa, ndani ya weka_alama, kusoma baiti 2. Baiti 2 ni bandari, yaani uh->source. Chini yake, aliyetenga ni njia ya kupokea ya virtio_net, na aliyeachia ni packet_recvmsg kwa niaba ya mchakato wa python3. Mashahidi wote watatu kwenye ukurasa mmoja. Mwenye kerneli ya 6.1 au zaidi na Clang anaweza kutumia KMSAN, inayokamata usomaji wa masalia hata pacha akiwa hai.

Marekebisho

Njia ya mkato ni kurudia iph = ip_hdr(skb) baada ya kuvuta. Inaondoa ajali na kurudisha alama, ila inaacha kosa la kwanza: pakiti ndogo yenye pacha haihitaji kuvutwa, kwa hiyo bado ingeandikwa juu ya bafa ya pamoja. Makosa mawili yanataka hatua mbili, kusoma bila kugusa na kuandika kwa ruhusa:

    struct udphdr _uh, *uh;

    if (ip_hdr(skb)->protocol != IPPROTO_UDP ||
        (ip_hdr(skb)->frag_off & htons(IP_OFFSET)))
        return NF_ACCEPT;

    uh = skb_header_pointer(skb, ip_hdrlen(skb), sizeof(_uh), &_uh);
    if (!uh)
        return NF_DROP;
    if (uh->source != htons(443))
        return NF_ACCEPT;

    if (skb_ensure_writable(skb, sizeof(struct iphdr)))
        return NF_DROP;
    ipv4_change_dsfield(ip_hdr(skb), INET_ECN_MASK, 8 << 2);
    return NF_ACCEPT;

Fanksheni ya skb_header_pointer haihamishi chochote. Baiti zikiwa kwenye sehemu nyoofu inakupa pointa yake. Zikiwa kwenye ukurasa inazinakili kwenye _uh, juu ya staki yako. Kipimo cha mwanzo kinahesabiwa kutoka skb->data, na kwenye PRE_ROUTING data iko juu ya kichwa cha IP, kwa hiyo ip_hdrlen inatosha. Kituo kingine, fanya hesabu upya. Kisha skb_ensure_writable inahakikisha baiti 20 za kwanza ni za pakiti hii peke yake, ikibidi kwa kuhamisha bafa. Baada yake uh haiguswi tena, maana nayo inaweza kuwa ilielekeza bafa iliyohamwa. Hakuna kigeu cha iph kabisa. Ip_hdr inaitwa upya kila inapohitajika. Inagharimu kujumlisha mara moja, na inamnyima mtu wa kesho nafasi ya kurudia kosa. INET_ECN_MASK inalinda biti mbili za ECN, zile za kuarifu msongamano, zisifutwe. Ukaguzi wa frag_off uliongezwa kwa sababu kipande cha pili cha pakiti iliyokatwa hakina kichwa cha UDP, kina data tu inayoweza kufanana na 443.

Mpangilio huu si uvumbuzi. Xt_DSCP, moduli ya kuweka DSCP ndani ya kerneli rasmi, inafanya vilevile: skb_ensure_writable, halafu ip_hdr mbichi. Na ukweli usemwe, kazi yote ya moduli hii nftables, chombo cha kuandika kanuni za netfilter, inaiweza kwa mstari mmoja kwenye mnyororo wa prerouting: udp sport 443 ip dscp set cs1. Moduli ilibaki kwa sababu inabeba pia hesabu za vifurushi, ambazo hakuna aliyetaka kuzihamisha wiki hiyo.

Kwenye lango la kazi, rmmod na insmod, amri za kutoa na kuingiza moduli, havikutosha. Kerneli iliyokwisha kuandikiwa ovyo haiaminiki hata ukimwondoa mwandishi, kwa hiyo moduli mpya iliingia pamoja na kuwasha upya, saa 10 alfajiri. Programu ya Python iliachwa ikikimbia makusudi, GRO ikarudishwa, na netconsole ikabaki wazi. Jioni, saa 1 na nusu, tcpdump ya eth1 ilikaa kimya kwa pakiti ndogo na kubwa, na Python kwenye eth0 ikaonyesha 0x00 kwa kila pakiti ya bandari 443, sawasawa na tcpdump.